Zurich, Groningen, au Karavani ya Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Machi 2023

Simu imeniita nikiwa juu ya ngazi, navuta nyaya kwenye dari la kiwanda cha maziwa. Mtu wa wakala wa ajira, Reto, kutoka Zurich. Wanajenga kituo cha data, wanatafuta mafundi umeme wa kusimamia wenzao. Mkataba wa mwaka. Faranga sitini na nane kwa saa. Nikamwomba arudie. Akarudia polepole, kama anamsomea mtoto.

Mume wangu Donncha bado hajui. Hadi giza alikuwa kiwanjani kwetu. Nyumba ina kuta na madirisha, paa haina — hela zilikomea hapo. Mwaka wa tatu huu tunaishi kwenye karavani nyuma ya nyumba ya mama yake. Mama Attracta hugonga dirisha, kisha anaingia kwa mlango bila kungoja jibu. Leo kaingia nikiwa nimevua suruali ya kazi. Kaleta mkate. Kakaa saa nzima.

Jumanne, 7 Machi

Nimemwambia mume wangu. "Kwa saa?" akauliza. "Basi nilioa vizuri." Akanipikia mayai saa tatu usiku.

Lakini wakala mwingine kanitumia kazi ya Groningen, Uholanzi. Yuro arobaini na tano tu kwa saa, ila malazi juu yao. Donncha anasema hilo halihitaji kufikiriwa: sitini na nane ni zaidi ya arobaini na tano. Ni seremala. Hupima mara mbili akikata ubao, lakini hela anakata kwa jicho.

Jumatano, 8 Machi

Nimempigia Malachy. Tulijifunza umeme pamoja, naye aliwahi kukaa Zurich miaka miwili.

"Dervla, dada yangu, mshahara usiuangalie. Angalia kilichobaki mwisho wa mwezi."

Anasema kila Jumamosi alikuwa anapanda treni na begi mgongoni kwenda kununua nyama ya bei nafuu Ujerumani. Nywele aliacha kukata. Aliporudi, mama yake alimpita uwanja wa ndege akaendelea kumtafuta.

"Ulijuta?" nikamuuliza.

"Nijute nini? Nyumba ninayokaa nimeijenga kwa zile nywele."

Ijumaa, 10 Machi

Hesabu, basi. Siku hizi faranga na yuro ni karibu sawa, afadhali.

Zurich peke yangu: baada ya kodi na makato yote, elfu saba na mia tatu kwa mwezi. Toa chumba 1,300, bima ya afya 350, chakula 600, treni 200, ndege za kuja nyumbani 400. Inabaki 4,450.

Groningen: Waholanzi wanakata kodi hasa. Naondoka na 4,500. Nikitoa chakula, bima na ndege, inabaki 3,700.

Hapa nyumbani, mwezi mzuri, 900. Mwezi wa gari kuharibika, sifuri.

Kwa Zurich paa linapatikana kabla mwaka haujaisha. Na la bati hapana — la vigae! Niliimba nikiosha vyombo. Kisha binti yetu Orla akauliza huko Zurich nitalala wapi. Kwenye chumba kidogo, nikamwambia. "Na mimi nitatosha?" Ana miaka mitatu. Nikamwambia aende akalale.

Jumapili, 12 Machi

Chakula cha mchana kwa Mama Attracta, kondoo na viazi vya aina tatu. Donncha kaweka uma chini kasema twende wote. Hataki mke wa kwenye simu. Nimefurahi mpaka nikaomba viazi tena.

Jioni nimekaa na kalamu. Zurich sote watatu: nyumba 2,700. Bima za watu watatu 850. Chakula 1,200. Treni 200. Chekechea, ili Donncha naye atafute kazi, 2,500. Jumla 7,450. Naingiza 7,300.

Yaani nisimamie mafundi wa nchi ile tajiri, halafu kila mwezi nidaiwe mia na hamsini.

Donncha kaipitia karatasi mstari kwa mstari. "Labda tusile," akasema. Tumecheka hadi karavani ikatikisika. Halafu nikazima taa.

Jumatatu, 13 Machi

Nimeamua. Naenda peke yangu. Wikendi moja nyumbani, moja huko. Wengi wanafanya hivyo. Sijamwambia Orla. Mvua.

Jumanne, 14 Machi

Reto anataka jibu leo kabla ya saa sita. Nimebaki nyumbani kwa ajili hiyo. Saa tano dirisha limegongwa.

Mama Attracta kaingia na koti lake la kanisani. Kaketi.

"Donncha kaniambia. Chekechea elfu mbili na mia tano? Kumvalisha mtoto soksi?"

"Ndiyo bei ya huko, Mama."

"Nimelea watano, hakuna aliyenipa hata senti. Nikija nanyi, huyu mmoja atanishinda?" Akatazama mikono yake. "Nyumba yangu ina kelele mkiwepo, mwanangu. Msipokuwepo sijui nitagonga dirisha la nani."

Nilikuwa na maneno tayari, ya adabu, ya kukataa. Mwaka mzima bila kugongewa dirisha — hilo nalo nililitia kwenye hesabu, ingawa sikuliandika. Na nje ya nchi hii hajafika popote ila hija ya Lourdes, Ufaransa, tena alirudi akilalamikia chai.

Chekechea ikitoka, chumba, chakula na bima ya Mama vikiingia, inabaki 1,400. Donncha akipata kazi hata ya nusu siku, tunaikaribia ile 4,450 ya peke yangu. Asipopata, paa lingoje.

Simu. Reto.

Nikajikuta namuuliza kama wanaweza kutusaidia kupata nyumba ya vyumba vitatu. Vya kulala. Kasema subiri kidogo, na sasa simuni wananipigia kinanda, muziki wa kungojea. Naandika huku nasubiri. Mama kashamkalisha Orla magotini, anamfundisha kusema asubuhi njema kwa Kijerumani. Anavyotamka, hicho ni Kilatini cha Misa. Orla anamfuatisha neno kwa neno. Kinanda kimenyamaza —