Mpimie Kipande Chake

Mwiitu wa mwaitu, dada yangu Kalekye,

Nilikuwa nimefika wapi Jumapili, nikikuongelesha hapo kwa kaburi yako, mvua ikanifukuza? Eeh, tiketi. Basi huyu mtoto wako Mwende, watu wa Zombe wamesimama kwa jua kumpigia kura ya nomineshen ya chama, asubuhi tunasikia tiketi ya ubunge imepewa mtu mwingine. Hakulia. Alikunywa uji, akaniambia, "Mama mdogo, nasimama peke yangu. Bila chama."

Wuui! Nilikaa chini. Halafu nikauliza alama yake itakuwa nini. Ati karai.

"Karai, mtoto? Si uchukue simba, watu waogope?"

"Simba imewahi kukubebea mchanga?"

Hiyo mdomo ni yako, usikatae.

Sasa shida iko kwa mwethya, hiki kikundi chetu cha kulimiana. Mama Mutua bado ndiye mwenyekiti, na hataki Mwende apewe hata nafasi ya kuongea. Anasema watu wa kusimama bila chama serikali ingewakataza kabisa. "Mtu bila chama ni mbuzi bila mwenyewe!" Mwende akamjibu polepole, na heshima, "Ni ukweli, mama. Lakini ile ya kufungwa inakula tu penye kamba inafika." Wamama walicheka mpaka mmoja akaangusha jembe. Hata Mama Mutua alicheka, halafu akakumbuka amekasirika.

Na si ati ni mtu mbaya. Ukiwa umelazwa huko hospitali ya Mutomo, si ndiye alikuwa anakufulia nguo? Anaogopa tu. Aliniuliza, "Huko bunge akiwa peke yake, nani atamuunga mkono akiomba tuletewe maji?" Hiyo swali nimelala nayo, Kalekye.

Lakini nakumbuka tukichimba mitaro ya fanya juu, ile ya kuzuia mvua isibebe udongo, kwa shamba ya mwaitu, mama yetu, tukirusha mchanga juu kama wazimu. Akatokea yule mama mgeni na jembe yake. Si wa ukoo, si wa kikundi. Mama Mutua akasema arudi kwao. Wewe ukanipatia kijiti ya kupimia: "Mpimie kipande chake. Akishindwa, si mtaro itasema?" Mama Mutua akaonyesha penye mawe, ndio mgeni achoke. Akamaliza mbele yetu sote, kisha akaenda kumsaidia Mama Mutua kumaliza kipande chake! Ulicheka mpaka ukakaa kwa mtaro.

Mimi kura naona ni hivyo tu. Sisemi lazima Mwende ashinde. Wampimie kipande. Akichimba vibaya, mvua itatuonyesha.

Leo tunachimba kwa Mama Mutua mwenyewe, na nimeamua nitasimama mbele ya wote niseme hivyo. Mimi, mwenye mdomo hainyamazi kwa kisima, leo narudia maneno mara tatu kama mtoto wa shule. Zamani wewe ungesema, mimi niitikie nyuma. Mtoto hata hajui. Anadhani nitanyamaza kama wengine. Nimekukosa, dada. Siku hizi hakuna mtu wa kunikatiza nikiongea. Na bado sijakuambia ile ya mke wa fundi wa baiskeli, unajua alipatikana na...

"Mama mdogo! Wameanza kupima! Kuja na karai!"

Huyo ni Mwende ananiita, wacha niende. Kijiti yako nimebeba.

Mdogo wako