Baba Mkwe Alipotoka Ukumbini

Alhamisi jioni. Mvua imekatika, mtaa wetu wa Nyakabiga wote unanukia udongo, na mimi nimekaa hapa na miguu yenye tope nikitabasamu peke yangu kama mtu aliyechanganyikiwa.

Leo najivunia. Naandika hivyo hivyo, bila kuzunguka.

Ofisini kwetu mimi ndiye ninayeshughulikia masuala ya jinsia katika mradi wa barabara ya kusini, ile itakayopanuliwa kwa ajili ya malori ya kwenda Tanzania. Wenzangu wananiita Madamu Jinsia, na wananitania kwamba kazi yangu ni kuhesabu vitenge mkutanoni. Inaniuma kwa sababu ni karibu na kweli. Mwongozo wa wafadhili unataka wanawake wawepo kwenye mkutano wa wananchi. Wakiwepo, tunatia alama, tunaenda kula.

Mkutano wa leo ulikuwa Ruziba. Na Ruziba ni ukweni kwangu.

Akina mama walijaa, wakakaa nyuma. Mbele walikaa wazee, na katikati yao baba mkwe wangu, fundi baiskeli wa zamani ambaye mtaa mzima unamheshimu. Mkuu wangu akauliza kama akina mama wana maoni. Kimya. Akauliza tena. Mmoja akasema barabara ni nzuri, wanashukuru. Wageni wa benki inayotoa mkopo wakaitikia kwa vichwa, wameridhika kabisa.

Mimi nilijua kwa nini wamenyamaza. Karibu kila mmoja wao ni mke wa mtoto wa mzee fulani aliyekaa mbele, na kwetu mke wa mtoto hazungumzi mambo ya aibu mbele ya baba mkwe wake. Linalowasumbua ni la aibu. Nililijua, na nilijua pia kwamba leo ndiyo nafasi ya mwisho ya kutoa maoni. Baada ya hapo michoro inapitishwa ilivyo.

Nikasimama. Tangu niolewe sijawahi kumsemesha mzee yule mbele za watu kabla yeye hajanisemesha.

“Baba,” nikasema, “kuko maneno siwezi kusema mbele yako. Na hawa pia hawawezi.”

Akachukua kofia yake, akatoka. Wazee wengine wakamfuata. Mgeni mmoja akamnong'oneza mkuu wangu akiuliza kama mkutano umevunjika, na mkuu akanitazama kama anataka kunimeza. Hata mimi nilidhani nimeharibu.

Ndipo mkutano ulipoanza.

Mbele ya wageni akina mama waliweza kusema, maana wale si wakwe wa mtu. Dada mmoja anayeuza samaki akainuka. “Asubui bado giza, pale tunangojea bisi, wanaume wanatushikashika. Beseni iko ku kichwa, mikono yote miwili inashika beseni. Utajitetea na nini?”

Baada yake hawakunyamaza tena. Wakataka taa kituoni, na mahali pa kutua mizigo, na njia ya kuvukia mtaro mtu akiwa na mtoto mgongoni. Mhandisi wa mradi, ambaye mchoro wake haukuwa na hata taa moja, alikuwa anauliza maswali kama mwanafunzi.

Na mimi nikasema langu. Lilinipata kituo hicho hicho, mwaka ule nilioolewa. Mume wangu hajui. Akisoma hapa, basi ajue.

Nilipotoka nilimkuta baba mkwe chini ya bati la duka, anajikinga na manyunyu.

“Mumesema?”

“Ndiyo, Baba.”

“Basi ni vizuri.”

Hakuuliza tumesema nini. Nilitaka kulia, kwa jinsi nilivyompenda mzee huyu pale pale.

Garini mkuu wangu alisema mambo ya leo tutayaweka kwenye kiambatisho cha waraka wa mkopo, kule nyuma ambako hakuna anayesoma. Hapana. Kesho nayaandika ndani ya waraka wenyewe: taa kituoni, na kwamba popote mkopo huu utakapojenga barabara, wanawake wasikilizwe mahali ambapo wakwe zao hawapo. Akibisha, nitamwita mkutanoni, nimkalishe mbele ya mama mkwe wake, nimwombe atoe maoni.