Mabenchi ya Mwalimu Muhiddin

Thuwaiba shoga, hakuja mtu! Hata mmoja! Nakuandikia hivi sasa.

Mume wangu kawaalika kwa barua walimu wa vyuo vyote vya Kurani vya mtaani, waje waione skuli yake mpya, washirikiane. Kahawa imepoa, halua imekauka, yeye kakaa peke yake kwenye mabenchi.

Mwisho kavuka kichochoro kwa Maalim Amour, mwenye chuo cha mkabala. "Barua hamkuipata?"

"Tuliipata. Hati nzuri. Mwenye kualika ndiye hatukumuona."

Hatukumuona! Na wanatazamana mlango kwa mlango!

Karudi, kakaa palepale. Namwambia, "Nenda kawabishie hodi." Yeye kavuta karatasi na kalamu.

Thuwaiba, hata kahawa ile, mimi mkewe aliniagiza kwa barua. Barua niliikuta kitandani, juu ya mto.