Rangi ya Uso wa Faustin

Jumatatu, 4 Agosti

Baridi asubuhi. Vumbi limeingia hadi ndani ya kabati la vitambaa vya studio. Picha za pasipoti, kisha msichana wa shule ya Mulungwishi aliyetaka atoke mweupe. Nimemwangaza kwenye kompyuta. Ninawaangaza wote, Likasi ndivyo inavyotaka. Usipomwangaza mtu anasema umemuunguza.

Mchana mama mkwe amepiga simu kutoka Kambove. Familia imekaa, imeamua. Jumamosi ya tarehe 23 wanakuja kunivua nguo nyeusi. Mwaka umetimia tangu mume wangu afe. Wanawake wataniosha, mchungaji ataomba, nitavishwa kitambaa kipya. Juu ya meza anataka picha kubwa ya mwanawe. Mpiga picha si mimi? Nimesema ndiyo, nikakaa chini.

Picha ya mume wangu ninayo moja tu.

Jumatano, 6 Agosti

Moja. Watu wangecheka. Lakini kila nilipopiga picha, Faustin alikuwa kando yangu, ameshika shuka jeupe kurudisha mwanga kwenye uso wa mteja. Hakuwa mbele ya kamera ya studio hata siku moja. Zile za kwenye simu zilikwenda na simu yenyewe, iliyoibiwa juma la mazishi. Mwizi yule simsamehe.

Imebaki hii niliyoipiga sokoni mchana mmoja. Amekaa kwenye kigoda chini ya turubai la kijani, pale dada yake anapouza samaki wakavu. Anacheka. Shati jeupe limekuwa la kijani. Uso ni wa kijani pia, kama wa mtu mwenye malaria.

Leo nimefumba macho ili nimwone bila lile turubai. Amekuja wa kijani. Nimejaribu tena jikoni, tena kisimani. Wa kijani. Ninasahau rangi ya mume wangu. Naogopa.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimepunguza kijani kwenye kompyuta mpaka kimetoka. Mkono ukamwangaza wenyewe, mazoea. Amependeza. Nimechapa.

Jumapili, 10 Agosti

Mama mkwe amekuja kusali huku mjini, akapita kuiona. Ameishika mbali, halafu karibu.

“Mulimupaka poda? Uyu hapana mutoto yangu. Uyu ni mutu ya televizyo.”

Nimekasirika. Kisha nimeona aibu, maana ni kweli. Nimemfanyia marehemu kile ninachowafanyia mabibi harusi.

Jumatano, 13 Agosti

Jambo la ajabu. Jana nilimtengeneza upya bila kumwangaza. Kwenye skrini alikuwa sawa kabisa, kahawia yenye joto. Nikakata turubai lote la nyuma, nikamwekea ukuta wa kijivu. Amekufa mara ya pili. Uso umekuwa udongo.

Na uso sikuugusa. Nimeapa kwa sauti, mimi mtu wa kanisa.

Leo nimekata kipande cha karatasi ya kahawia. Nimekiweka juu ya kitambaa cha kijani: kimeonekana chekundu. Nimekihamishia juu ya chekundu: kimefifia, kinaelekea kijani. Juu ya cheupe: karibu cheusi. Kipande ni kilekile. Basi rangi haina msimamo, inategemea imekaa na nani. Miaka yote hii ninauza picha na sikujua. Nilikuwa nikiupima uso wake huku turubai likinidanganya pembeni.

Nimecheka peke yangu. Halafu nimegeuka kumwambia.

Hayupo. Shuka limekunjwa juu ya kabati.

Jumapili, 17 Agosti

Nimeongeza nyekundu. Nimeongeza sana, sasa naona. Mama ameiweka mezani kifudifudi na chai hakunywa.

“Ni kama anatoka ku shimo ya madini, na mavumbi yote. Weye ulisha kumusahau.”

Ameondoka. Ningeweza kumfukuza mwenyewe kwa neno lile. Sikumfukuza kwa sababu amesema kweli, na kwa sababu ana macho na pua ya Faustin. Nimelala mchana kutwa na nguo zangu nyeusi.

Jumanne, 19 Agosti

Umeme umekatika tangu jana. Kompyuta imelala. Jumamosi inakuja tu, haiulizi.

Nimepanda pikipiki hadi Kambove kuomba radhi. Nikimwambia siwezi, wataweka meza bila picha, na mimi nitavuliwa nyeusi mbele ya meza tupu. Baada ya hapo nani atanisaidia kumkumbuka? Shemeji zangu wanakumbuka mpira wake tu, nani alimfunga nani.

Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani. Tulisalimiana kwa ubaridi. Nikasimama namwangalia mkono. Kahawia nzito, nyekundu kidogo kwenye vifundo, nyeusi zaidi kuelekea kiwiko. Nikasahau radhi. Watu walikuwa wakisema kila siku kwamba Faustin amechukua ngozi ya mama yake, na mimi nilikuwa nikihangaika na kompyuta.

Nimemwambia: “Mama, kesho kutwa ukuye ku soko. Ukae pale alikala.”

Ameuliza avae nini. Nimesema nyeupe. Amesema shati lile analo yeye, alilichukua siku ya mazishi, halijafuliwa.

Alhamisi, 21 Agosti

Umeme umerudi alfajiri. Mungu ana huruma.

Mama amekaa chini ya turubai, kwenye kigoda kile, saa zile za mchana, ndani ya shati la mwanawe. Linampwaya mabegani. Wauza samaki wameacha kuita wateja. Nimempiga picha mara kadhaa, na kwenye kamera amekuwa wa kijani kama Faustin. Nimefurahi kuuona ubaya ule.

Huko studio nimesogeza skrini karibu na dirisha, nikaweka nyuma ya picha rangi ya kijivu ili pasiwe na jirani wa kunidanganya. Mama ameweka mkono mezani, karibu na mkono wake wa kwenye picha. Nimegeuza kidogo kidogo. Kijani chini, nyekundu juu, giza kidogo.

“Bado.” “Bado.” “Rudisha.” Halafu akanyamaza, na mimi nikaona: mikono miwili, mkono mmoja.

Hatua zilezile, kipimo kilekile, nimempa Faustin. Sikuongeza mwanga hata chembe. Amekuja polepole kutoka chini ya turubai, weusi wake, joto lake, na ule wekundu chini ya macho ambao nilikuwa nimeusahau kabisa.

“Njo yeye, ni mutoto yangu,” Mama amesema.

Tumelia vibaya. Mteja ameingia akatoka.

Jumamosi, 23 Agosti

Wameniosha kabla jua halijawa kali. Nguo nyeusi zimekwenda na shangazi wa Faustin, sikuuliza wapi. Vitambaa vitatu walileta nichague. Shemeji mmoja alisema njano, inanikaa vizuri. Nimevipeleka vyote mezani, mbele ya watu, nikaviweka kando ya picha kimoja kimoja. Kando ya chekundu uso wake umechakaa. Kando ya njano umeingia giza. Kando ya bluu umepata joto, kama mtu aliyetoka kuota moto.

Nimechukua bluu. Shemeji amenuna. Mama amenifunga yeye mwenyewe kiunoni.

Jumapili, 24 Agosti

Wameondoka wote. Sufuria za kuazima zimerudi kwa wenyewe.

Nilidhani nikipata rangi yake nitatulia. Yule wa kijani nilikuwa nimemzoea, alikuwa mbali. Huyu yuko karibu mno. Leo nimemtamani kuliko siku ya mazishi, na sina nguo nyeusi ya kuwaambia watu waniache.

Nimefagia. Nimekula kidogo. Mchana nimevuta kiti hadi mezani penye picha na kukaa upande wake wa kushoto, bluu yangu karibu na shavu lake, ili uso wake usipoe.