Siku Niliyoulizwa Nitakula Nini

Mjukuu wangu Neema,

Mwidiwe! Huku Kagerankanda hatujambo, babu yako yuko shambani anavuna. Umeniuliza utajuaje hoteli nzuri huko Mwanza, maana zimejaa kila kona. Nikueleze ya kwangu ya kwanza.

Nilikuwa binti, baba amenipeleka Kasulu mjini kuuza maharage. Mchana tukaingia hoteli ya mama mmoja wa pwani. Akanigeukia mimi: "Binti, utakula nini?"

Tangu nizaliwe sikuwahi kuulizwa. Nyumbani tulikula kilichopikwa. Nikamjibu, "Mlichopika."

Hakucheka. Akanitajia taratibu: pilau, ndizi, samaki, nyama, maharage. Vyote hivyo, na mimi ndiye nichague! Nikasema ugali na maharage. Akaninawisha, akaniletea sahani kwa mikono miwili, vilevile alivyompelekea mzee wa meza ya pili pilau yake.

Ndiyo maana mpaka leo, nikiingia hoteli, naagiza maharage na kuangalia yanavyoletwa.

Yale ya siku ile yalikuwa ya shamba letu, Neema. Baba alikuwa amemuuzia yule mama asubuhi ileile. Nilikuwa nimeyala maisha yangu yote, ila siku hiyo niliyachagua mwenyewe.

Bibi yako