Kuinuka Kitini Bila Kushika

Jumatano, baada ya ugali

Mara kumi na mbili leo! Kuketi na kuinuka, mikono kifuani, bila kushika popote. Nesi wa zahanati aliniambia nianze na tano tu, lakini yeye hanijui mimi, niliyemkimbiza simba kule Milepa kwa mpini wa jembe.

Yote haya ni kwa ajili ya Kasiano, balozi wetu wa nyumba kumi. Jumamosi mkutanoni goti liligoma, nikashindwa kuinuka, naye akacheka mbele ya kijiji kizima: "Mjomba, wewe na jembe basi tena. Nenda ukakae na bibi zetu, upukuchue mahindi." Mimi! Niliyemfundisha yeye kulima matuta!

Asubuhi zahanatini nimemkuta mkewe akimnong'oneza nesi. Masikio yangu ni ya sungura, nikasikia yote: "Mume wangu akishakaa, mpaka nimvute mkono. Naomba na yeye apewe yale mazoezi ya kiti."

Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumamosi hii nitawahi mkutanoni. Kile kiti chake chenye mikono nitakificha, nimwekee kigoda changu. Kisha nitasema kwa adabu: "Balozi, hebu tuinuke sote, mikono kifuani." Kijiji kione.

Ila mguu wa kushoto bado unatetemeka, unanitia hofu. Na zile kumi na mbili, mke wangu anasema alihesabu saba, mbili nikishika meza.

Haya, ziwe tano. Kasiano hana hata moja.