Kabla Hamjamfukuza Shangazi

Ihanja, Ikungi

Kaka Kefa,

Shikamoo. Natumaini wewe na wifi mko wazima huko Manyoni, na lile goti limepoa. Huku tunapumua. Mvua imegoma, alizeti imebaki vijiti, na watu wanasalimiana bila kutazamana. Nimeandika kwa sababu kwenye simu hunikatia.

Nasikia Jumamosi unakuja kuongoza kikao cha ukoo cha kumfukuza Shangazi Stumai. Wenzako wamekutangulia. Karibu na lango lake kuna rundo la mawe. Kila asubuhi limeongezeka, na hakuna anayekiri kuliweka.

Shtaka nalijua. Mtoto wa Yasinta alizaliwa na mgongo wazi, tukamzika. Wa Maria akafuata, mgongo vilevile. Shangazi aliwahi kuwatania mama hao wote wawili mimba zikiwa changa, basi mchawi amepatikana! Alute, jirani yake, alisema mbele za watu kwamba bibi yule ana jicho la kupasua mtoto tumboni. Nikamuuliza mbona halijapasua hata mbuzi wake mmoja, na kila siku wanakula mtama wa Shangazi. Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Nilikwenda kwa muuguzi. Alisema mgongo wa mtoto hujifunga mwanzoni kabisa, mama akiwa bado anadhani siku zake zimechelewa tu. Kazi hiyo inahitaji folati, ile iliyomo kwenye maharage, kunde, maini na mboga za majani. Ikipungua, mgongo unaweza kubaki wazi. Hakusema hiyo ndiyo sababu ya kila mtoto wa namna hiyo, wala mimi sisemi. Lakini chungulia vyungu vyetu! Kunde tunauza mnadani. Majani tunayaanika juani mpaka yawe vumbi, mabichi tunayachemsha kama ngozi ya ng'ombe, maji yake tunamwaga, kisha tunajisifu tumekula mboga.

Vidonge vya foliki, yaani folati hiyo hiyo, vipo kliniki, na hufaa kuanzwa hata kabla ya mimba. Wanawake wetu huenda tumbo likishaonekana. Kwa nini? Wanaficha mimba kwa kuogopa jicho la mchawi! Umeelewa, kaka? Kila mnapomtaja mchawi kikaoni, mwanamke mwingine anajifunga khanga kubwa na kunyamaza, na mgongo wa mwanawe haumsubiri.

Sasa sikiliza lililonifanya nishike kalamu. Faith, binti yako uliyemwoza Itigi, hayuko Itigi. Yuko hapa, mjamzito. Mkwewe alisema vidonge vinakuza mtoto mpaka ashindwe kuzaliwa, akavitupa jaani. Faith akatoroka, na hakukimbilia kwako wala kwangu. Alikwenda kwa Shangazi Stumai. Bibi huyo alimpeleka kliniki kwa miguu, na kila siku anampikia kunde. Muuguzi hakutuahidi kitu. Huenda mgongo ulikwishajifunga vizuri, huenda haukujifunga. Tunasubiri. Akizaliwa kama wale wawili, utamtafuta mchawi gani, Kefa?

Nimemsihi Faith ahamie kwangu kabla ya Jumamosi. Amekataa. Anasema mkigonga, atafungua yeye.

Msalimie wifi na watoto. Shangazi naye anakusalimu sana. Ameuliza kama bado unapenda kunde za karanga, zile alizokulisha mama alipofariki, maana amekuwekea kibaba kimoja.

Ni mimi mdogo wako,
Theodora